Mtungi Mlangoni kwa Mjane

Kizito Manirakiza alimwomba mzee avue shati, na mzee akavua bila kuuliza kwa nini. Mgongo ulikuwa mzima. Haukuwa na mstari wa kiboko wala alama ya kamba, ila kovu la zamani la jipu na jasho la asubuhi. Kizito aliuzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, akakagua mbavu, akakagua viwiko, kisha akamwambia mzee avae.

Alikuwa ametegemea kukuta alama, na kusema kweli alikasirika kidogo kwa kutozikuta. Tangu alipopewa dosie, jalada la kesi ya mzee huyu, alikuwa na hakika kwamba Kaporali André wa polisi amelipata ungamo kwa fimbo, na mtu akishashika dhana yake huipenda kama mwanawe. Sasa dhana ilikuwa imekufa kabla jua halijapanda juu ya ukuta wa buloko, lile gereza dogo la polisi, na masikio yake yalikuwa yanaimba.

Yaliimba kwa sababu ya kwinini. Homa ilimpanda tangu Jumapili, naye alikuwa akizimeza zile tembe chungu na kuendelea na kazi, kwa hiyo dunia yote ilimjia kutoka mbali, kama maneno yanayosemwa nyuma ya pazia. Kupitia mlango wa ua aliliona ziwa. Milima ya Urundi ng'ambo ilielea juu ya ukungu bila miguu, na maji yalikuwa yametulia hadi usingeweza kusema yanaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Uvira nzima ilikuwa bado haijaamua kama imeamka.

Mzee aliitwa Libérat Habonimana, mkulima wa mpunga wa Luberizi. Alishtakiwa kwa kumuua Placide Nkeshimana, mlinzi wa maji, yule aliyefungua na kufunga malango ya mfereji ili kila shamba lipate zamu yake. Alikuwa amekiri na kuweka dole gumba kwenye karatasi. Kizito alikuwa karani wa upelelezi katika ofisi ya mashtaka, ambayo watu wa Uvira waliiita Parke. Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, na kesho asubuhi lori la serikali lingempandisha Libérat milimani hadi Bukavu, kwenye mahakama kubwa, ambako mtu anayesema ameua kwa hasira anaweza kunyongwa.

"Muzee, minye siko polisi," Kizito alisema, akakaa chini kwenye saruji karibu naye. "Sheria haikukazi useme. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, hakuna muntu atakuandikia mubaya juu ya ile."

"Minye nilisha sema."

"Basi rudilia. Ulimupiga fasi gani?"

"Ku kichwa."

"Mbele ao nyuma?"

Libérat alifikiri. "Nyuma."

"Na nini?"

"Na jembe. Jembe iko kwa Kaporali, atakuonyesha."

"Mara moja?"

"Mara mingi. Nilikuwa na kasirani."

Kizito hakuandika. Ripoti ya muuguzi ilisema jeraha lilikuwa moja tu, kwenye panja la kushoto, dogo, lenye pembe nne, upana wa dole gumba. Substitut, yule kijana Mbelgiji mwenye mamlaka ya mashtaka pale Uvira, alikuwa amelizungushia mstari mwekundu yeye mwenyewe. "Jembe halitoboi tundu la pembe nne," alimwambia Kizito jana yake. "Na ungamo peke yake si ushahidi. Hata mimi naweza kukiri kwamba nimeiba mwezi. Una muda mpaka lori liondoke."

"Na wakati ulimaliza kumupiga?" Kizito aliendelea.

"Alianguka mu maji."

"Lakini bantu bamemukuta ku mututa wa shamba yako, amefunikwa na majani ya migomba. Nani alimutosha mu maji?"

Libérat aliyageuza macho kuelekea ziwani. "Ni minye."

"Na kumufunika?"

"Muntu hawezi kulala wazi."

Njia ya mwongo ni fupi, na Kizito alikuwa ameshafika mwisho wake na kurudi. Mzee huyu hakuwa amemuona Placide akifa. Lililobaki ni kujua kwa nini anang'ang'ania kifo kisicho chake.

Kaporali André alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono nyuma. Alikuwa mtu wa Kindu, mnyoofu, mwenye buti zilizong'aa, na bonde la Rusizi kwake lilikuwa mbu na lugha asiyoijua. "Minye sikumugusa, Bwana Karani," alisema. "Nilifika pale, nikauliza bantu bote: nani anaweza kujibu juu ya huyu mufu? Muzee akasimama, akasema, ni minye. Nilikuwa nimemukuta kwa mujane wa Placide na mutungi wa pombe. Muntu hana makosa, analeta pombe kwa mujane ya nini?"

Kizito alimtazama Kaporali, kisha mzee, kisha tena Kaporali, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile pazia la kwinini lilisogea kidogo. Yeye alizaliwa bondeni. Alijua kwamba mfu akikutwa kwenye ardhi yako, mwenye nyumba hutangulia na mtungi kwa wafiwa kabla hajaulizwa. Husema "ni mimi" kwa niaba ya wote wanaokula chunguni mwake, mke, watoto, hata mgeni, na wazee wa baraza huketi baadaye kupima kilichotokea. Ikiwa ni kosa la nyumba, hutolewa ng'ombe, watu hunywa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na uchungu hupata mahali pa kwenda. Kaporali aliuliza swali la polisi, akapewa jibu la baraza, akaliandika.

Alimwomba Kaporali akawatafutie maji ya kunywa. Walipobaki wawili, alisema polepole, "Muzee, weye ulijibia nyumba."

Libérat alinyoosha kola ya shati.

"Sikia. Kule Bukavu hakuna baraza. Hakuna ngombe. Kwao, kinywa chenye kimesema 'ni minye' ni ya muntu mwenye alipiga. Unajua bataifanya nini ile shingo yako?"

Uso wa mzee ulibadilika. Haikuwa hofu, au haikuwa hofu ya shingo yake. Alionekana kama mtu aliyepiga hesabu njiani, akaona mto umejaa kuliko alivyodhani, na bado anavuka.

"Kama ni vile," alisema, "basi afazali ni minye." Kisha, ingawa hakuna aliyemuuliza, akaongeza, "Candide, mutoto wangu, hakuwa pale. Alienda kwa bajomba yake ku mulima mbele ile mambo haijafika."

*

Lori la mpunga lililorudi tupu lilimshusha Kizito Luberizi wakati joto lilipokuwa linatetemeka juu ya mashamba. Mpunga ulikuwa umeanza kuwa wa manjano. Nyange walitembea kati ya mabua kwa adabu, na mbali kidogo ng'ombe walisimama majini hadi tumboni wakiwa wamesahau walichokifuata. Maji ya mfereji yalisema jambo lilelile bila kuchoka. Kizito alitembea kwenye ukingo wake, kichwa chepesi, akiona kivuli chake kikimtangulia na kuwaza kwamba kama angekaa chini angelala hadi mavuno.

Hakukaa. Lango la maji, ambalo watu wa pale waliliita vane, lilikuwa ubao mzito wa chuma ulioning'inia kwenye mnyororo. Ili kuliinua, mlinzi aliingiza mkono wa chuma, manivele, kwenye ncha ya mhimili, akazungusha, na mnyororo ukajivingirisha. Pembeni kulikuwa na gurudumu la meno, na jino moja refu lililoangukia kati ya meno hayo ili lango lisirudi chini kwa uzito wake.

Jino lile lilikuwa jipya.

Kila kitu kingine pale kilikuwa na kutu ya miaka. Gurudumu lilikuwa na kutu, mnyororo ulikuwa na kutu, hata nguzo zilikuwa zimeota ukoga. Jino peke yake liling'aa, limepakwa grisi ambayo vumbi lilikuwa bado halijapata nafasi ya kuishikilia. Dosie haikutaja matengenezo yoyote. Mtu alikuja baada ya kifo na kubadilisha chuma kimoja tu, na hakuona haja ya kuiambia Parke.

Kizito alisimama pale ambapo mlinzi husimama. Akainama kama anazungusha manivele isiyokuwepo. Alipoinama, panja lake la kushoto lilikuwa kwenye njia ya mkono wa chuma. Kama jino lingevunjika lango likiwa juu, uzito wote ungeshuka kwa mara moja na manivele ingezunguka kinyume kwa nguvu ambayo hakuna mtu angeweza kuishika. Kizito hakuhitaji tena mwuaji. Alihitaji manivele.

Nayo haikuwa kwenye lango, wala kwenye orodha ya vitu vya Kaporali. Mlinzi wa maji hurudi nayo nyumbani, kwa sababu mkulima mwenye kiu ya shamba si mtu wa kuachiwa ufunguo. Kama Placide alikufa hapa, nani aliirudisha?

Nyumba ya marehemu ilikuwa mwisho wa njia, kimya, na majembe yamefungwa pamoja chini ya paa, kwa sababu katika nyumba ya msiba chuma nacho hupumzika. Pudentienne, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa. Mbele ya mlango, upande wa kivulini, kulikuwa na mtungi.

Kizito alisalimu, akatoa pole, akapewa kigoda. Alizungumza juu ya mvua. Alizungumza juu ya mpunga. Wakati wote huo alikuwa akiutazama mtungi, maana mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa majani ya mgomba, na kamba ya gome ilikuwa bado imefungwa kwa fundo lilelile la aliyeuleta. Nzi walitembea juu ya majani yaliyokauka. Hakuna aliyeonja tone.

"Mama Pudentienne," alisema mwishowe, "ile mutungi hukuifungua."

"Nitafungua ya nini? Libérat hana deni na minye."

"Kaporali aliandika ulipokea."

"Aliniuliza kama mutungi ilifika. Nikasema, iko pale ku mulango. Akaandika." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesimulia mvua iliyonyesha kijiji kingine. "Kisha akauliza banaume. Minye hakuna mwenye aliniuliza tena."

Kizito alihisi aibu kwa niaba ya serikali nzima, na kidogo kwa niaba yake mwenyewe, maana hata yeye alikuwa amekuja kutafuta chuma kabla ya kumtafuta mama huyu. Katika sheria ya bonde, mtungi ambao wafiwa hawajaufungua ni neno ambalo halijajibiwa. Libérat alikiri, lakini hakuna aliyempokea. Na ukirudishwa umefungwa vilevile, maana yake ni kwamba nyumba yake haina damu.

"Juu ya nini haukuirudisha?"

"Muntu wa kilio hatoke mu lupango ya nyumba yake mupaka siku ya kuoga na kumaliza kilio. Na mwanaume wa kuirudisha, si ndiye mwenye alikufa?"

"Na manivele ya baba iko wapi?"

Pudentienne aligeuza uso kuelekea mfereji. Maji ya mfereji yalisikika hadi pale. "Candide aliileta," alisema. "Asubuhi na mapema, mbele bantu hawajajua. Shati yake yote damu. Aliiweka chini pamoja na kile kipande cha jino chenye kilivunjika, akapiga magoti, akalia. Alisema: mama, nimemukuta mu maji, nimemutosha, nimemufunika. Alisema: jana niligombana naye mbele ya bantu, nikasema nitamuzamisha mu maji yake mwenyewe, sasa nani ataniamini? Akakimbia Kalundu. Baba Placide alisemaka kila siku, ile jino imechoka, nimebaambia bakubwa ba mufereji, habasikie."

"Ninaweza kuona?"

"Kuona, ona. Kushika hapana. Kintu ya mufu haitoke mbele siku ya kuoga haijafika."

Ilikuwa chumba cha ndani, juu ya ngozi. Mpini wa mbao wa manivele ulikuwa umeoza na kutoka zamani, na mahali pake palibaki msumari mnene wa pembe nne, uliozungushiwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimekauka, cheusi. Kizito alichukua kutoka mfukoni ubua wa mpunga aliouokota njiani, akaulinganisha na msumari bila kuugusa, akaukata kwa kucha. Ulikuwa upana wa dole gumba. Kando yake kilikuwepo kipande cha jino, na pale kilipovunjika, nusu ilikuwa na kutu ya zamani na nusu ilikuwa nyeupe. Ufa ulikuwa wa siku nyingi. Kilichobaki kilikatika siku ile.

Sheria ilimruhusu avichukue vyote viwili papo hapo. Aliiacha mikono mifukoni. Chuma kilichonyakuliwa kwa mjane kingefika Bukavu kama chuma tu, na yeye alihitaji ushahidi wa kinywa cha mjane mwenyewe.

"Kesho, jua likipanda, kamyo inaenda na Libérat," alisema mlangoni.

"Nimesikia," Pudentienne alijibu, akarudi kwenye mkeka wake.

*

Kalundu ilikuwa imejaa moshi wa meli na harufu ya dagaa waliotandazwa juani. Wapagazi walipanda na kushuka ubao wa meli wakiwa na magunia ya pamba vichwani, wakiimba kwa sauti ya chini, na jua la alasiri lilikuwa limelifanya ziwa kuwa bati moja kubwa linalong'aa. Kizito aliuliza mara mbili tu. Kijana wa Luberizi asiyecheka ni rahisi kumpata mahali ambapo wote wanacheka.

Candide alikuwa mrefu kama baba yake. Alipoona viatu vya karani alitua gunia.

"Usinijibu kintu kwanza," Kizito alisema haraka. "Sikiliza. Minye niko muntu wa Parke. Kila neno utasema inaweza kuandikwa, na inaweza kukufunga. Sheria haikukazi useme. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Baba yako iko mu buloko. Alisema ni yeye aliua Placide. Kesho banamupeleka Bukavu."

Kijana alikaa juu ya gunia. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeamshwa vibaya. "Baba? Baba hakuwa ku vane. Alikuwa analala. Alinikuta ku mulango wakati nilirudi, akaniona na ile shati. Alinitazama tu. Akaingia ndani, akaanza kutafuta mutungi." Akasimama, akakaa tena. "Anafikiri ni minye."

"Ndiyo."

"Nikienda pale mbele ya muzungu, bataniamini?"

Kizito angeweza kusema ndiyo. Alikuwa na ubua wa mpunga mfukoni, alikuwa na macho yake mwenyewe, na kijana alikuwa akimwangalia kama mtu anayetaka kusukumwa. "Sijui," alisema. "Maneno yako ya kugombana na Placide, bantu bote banayajua. Manivele ilipita mu mikono yako. Bakitaka kukushitaki, batakuwa na fasi ya kuanzia. Mu dosie jina yako haimo. Ile meli ikiondoka na weye, hakuna mwenye atakufuata leo."

Meli ilipiga honi, na mlio wake ukakaa hewani juu ya maji muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kizito aligeuka, akaenda zake bila kutazama nyuma. Njia nzima hadi Rugenge, ambako alikuwa na chumba, alijilaumu kwa kutomshika mkono yule kijana na kumburuta. Alijilaumu na bado alijua kwamba asingefanya vingine.

*

Asubuhi ukungu ulishuka hadi barabarani. Lori la serikali lilisimama mbele ya buloko, injini ikinguruma, na taa zake mbili zilionekana kama zinatazama chini ya maji. Substitut alitoka na kofia mkononi, akasikiliza maelezo ya Kizito, akaupokea ubua wa mpunga kwenye kiganja na kuutazama kwa muda.

"Nakuamini," alisema. "Lakini huu ni unyasi, Manirakiza. Na huyu bado anasema ameua. Je, anafuta maneno yake?"

Kizito alikwenda kwa Libérat, aliyekuwa ameketi chini na pingu mikononi. Alimweleza kila kitu, jino, msumari, manivele. Mzee alisikiliza kwa heshima.

"Uko mutoto muzuri," alisema. "Unatafuta namna ya kuniponyesha. Lakini minye nilipeleka mutungi. Nikisema leo kama nilidanganya, batatafuta mwingine mu nyumba yangu. Mupaka mutungi irudi, minye ndiye mwenye kujibu."

Dereva alifungua mlango wa nyuma wa lori. Kaporali André akamshika mzee kwapani, kwa upole, akamsimamisha.

Ndipo ukungu ukamtoa mwanamke. Alikuja katikati ya barabara, taratibu, kichwa kimenyolewa, na juu ya kichwa hicho mtungi. Miguu yake ilikuwa na matope ya bondeni hadi magotini. Chini ya kwapa alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitambaa. Kizito alipomtambua alisogea kando kumpisha, maana alijua ni mwiko gani alioukanyaga ili afike pale. Mjane alikuwa ametoka lupango, ua wa nyumba yake, kabla ya siku ya kuoga, na chuma cha mfu mkononi, na hakuna baraza bondeni lililowahi kumwona mtu akifanya hivyo.

Pudentienne hakumsalimu mtu yeyote wa serikali. Alipiga magoti, akautua mtungi mbele ya miguu ya Libérat, akaufuta vumbi kwa ncha ya kanga.

"Libérat," alisema, "pombe yako ni hii. Kwangu haina kazi."

Libérat aliinama hadi pingu zikagonga udongo wa mtungi. Fundo la kamba lilikuwa lake mwenyewe. Alilipapasa kwa dole gumba, lile lile lililokuwa na wino.

"Ni nini hii?" Substitut aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni hukumu, Bwana," Kizito alisema. "Wafiwa wamekataa ungamo."

Pudentienne alifungua kitambaa, akampa Substitut manivele na kipande cha jino, akaeleza kwa maneno machache nani alivileta na lini. Mbelgiji yule aliugeuza msumari, akauweka karibu na ubua, kisha akautazama mpasuko wa jino, nusu kutu na nusu nyeupe. Uso wake ukawa mwekundu. "Nitataka kujua nani aliyeweka jino jipya bila kuniambia," alisema. "Sasa muulize mzee kama ameua."

"Nimuulize kwanza kama anataka kujibu, Bwana."

Substitut akakubali kwa kichwa.

Lakini Libérat hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ametazama nyuma yao, upande wa barabara ya Kalundu, ambako kijana mrefu alikuwa amesimama akihema, vumbi la pamba kwenye nywele. Kaporali alisogea. Kizito akamwekea mkono kifuani, na Kaporali akasimama.

"Weye," mzee alisema. "Hukumuua?"

"Hapana, baba."

"Niliona damu."

"Ndiyo, uliona damu." Candide alikuwa akilia na hakujificha. "Baba, hukuniuliza."

Kaporali alizitazama buti zake.

"Niliogopa utanijibu," Libérat alisema.

Substitut aliwaambia wamfungue mikono, na dereva akaambiwa azime injini. Kizito alifungua karatasi mpya juu ya goti lake, lakini mzee alimwomba kwa ishara asubiri kidogo. Alikaa chini kwenye vumbi, mgongo wake ukiegemea gurudumu la lori, akapapasa ardhi pembeni yake mpaka kijana naye akakaa.

"Sasa niambie," alisema. "Tangu mwanzo. Ninakusikia."